Kioo cha Ndani cha Gari Jekundu

Jumapili, 1 Juni

Baada ya ibada, chini ya gari tena. Egzosi mpya imekaa. Bomba nene, nimelikunja kwa moto wa mkaa na kulichomelea mwenyewe. Nikiwasha, bati za banda zinatetemeka. Mama wa duka la jirani akafunga dirisha. Afunge.

Wiki nzima nachomelea mageti ya watu. Jumapili ni ya gari. Milango miwili, jekundu, lilifika kutoka Japani limechoka kama mimi. Siti za mashindano nilifunga mwenyewe. Rimu pana, mwenyewe. Bawa la nyuma nimelikata kwenye bati. Springi nilizipunguza kwa grinda na gari likalala chini, karibu ligusane na lami. Hapa Njombe mjini hakuna lingine la namna hii.

Mke wangu Rehema anasema nalala chini ya gari zaidi kuliko kitandani. Ana haki kidogo.

Baridi. Vidole havishiki spana.

Jumatano, 4 Juni

Mama mkwe, figo. Majibu yametoka leo. Atasafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi. Mashine iko hapa Njombe, yeye yuko Makambako.

Rehema alilia jikoni. Hakuniuliza kama mama yake anaweza kuja kukaa kwetu. Jibu analijua. Mama yule hawezi kulala nyumba ya mkwewe, hata akiwa anakufa. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na uso wake sijauona sawasawa. Nikifika kwake anaingia chumba cha ndani. Anasema "kamwene", salamu yetu, nyuma ya ukuta, naitikia, yameisha. Tukikutana njiani mmoja anapisha, mimi natazama majani hadi apite. Vijana wa sasa wanakula meza moja na wakwe zao. Yeye si wa hao. Na mimi namheshimu, basi nami si wa hao.

Watoto wake wengine wako Dar. Wa karibu ni Rehema tu.

Ijumaa, 13 Juni

Jana mama mkwe alirudi na basi kutoka kusafishwa, Rehema yuko naye. Alitapika njia nzima. Makambako stendi akakaa chini, kwenye saruji, kwenye ule upepo. Rehema akamfunika kwa kitenge chake na kusimama hivyo hivyo akitetemeka. Watu wanapita.

Gari la kukodi mara mbili kwa wiki hatuliwezi.

Wakati wa chakula Rehema akaweka kijiko chini. Akasema, "Gari unalo." Ugali ukapoa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Makambako na gari, nimwonyeshe mama mkwe. Upumbavu mtupu.

Kile kichochoro chake kina mawe. Egzosi ikakwama, nikakanyaga mafuta, sauti ikaamsha mtaa. Watoto wakashangilia. Yeye alichungulia dirishani. Rehema akaingia, akatoka baada ya muda na majibu. Mama anashukuru sana. Mama anasema lile gari mtu analala chali kama mgonjwa wa machela, tena bega kwa bega na mkwe. Mama atapanda basi.

Nilirudi Njombe nina hasira na kila kitu. Na mama mgonjwa pia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 15 Juni

Sikugusa gari. Nimekaa kwenye jeki nikalitazama. Kila kitu nilichokifunga kwa mikono yangu ndicho kinachomzuia yule mama.

Jumamosi, 21 Juni

Nimelibomoa.

Springi nimepata za gari dogo la familia, kwa muuza spea za mtumba Makambako. Nilizisugua kutu na kuzifunga. Gari limesimama juu kama mbuzi. Linachekesha. Egzosi nimetoa, nimerudisha ya zamani iliyokuwa inazibia tundu la uzio. Sasa linanong'ona. Bawa la nyuma limebaki, halimdhuru mtu.

Siti ya mbele ya abiria nimeing'oa kabisa. Sasa mtu anaingia kwa mlango wa kushoto bila kujikunja, anakwenda kukaa nyuma, upande wangu, mgongoni kwangu. Miguu anainyoosha. Rehema anakaa kando yake. Siti ya nyuma nimeipandisha kwa mbao na godoro. Rehema alileta wazo la pazia katikati. Mama akatuma jibu: yeye si maiti wa kufunikwa, anataka kuona barabara.

Siti ile ya mashindano iko sebuleni. Lusungu, binti yetu, anaitumia kusomea. Iliniuma kuiona pale.

Jumapili, 22 Juni

Nilikaa kwenye usukani kujaribu. Rehema akakaa nyuma, mahali pa mama yake. Nikainua macho, na kwenye kioo cha ndani nikamwona mzima mzima, uso kwa uso.

Hapo ndipo ungekaa uso wa mama yake.

Nikachukua bisibisi nikakitoa. Vioo vya pembeni vipo, vinatosha. Kioo nimekiweka kwenye droo ya misumari.

Jumatatu, 23 Juni

Safari ya kwanza. Nimefika alfajiri, nikafungua mlango, nikasimama upande wa pili nikitazama ukuta wa jirani. Nilisikia akipanda. Hatua nzito, pumzi fupi. Rehema akasema tayari.

Hatukusema lolote njia nzima. Kuna utaratibu: akitaka nisimame anagonga mgongo wa siti yangu kwa kidole. Aligonga mara moja, karibu na mashamba ya parachichi. Nilisimama, nikatazama mbele. Akagonga tena, nikaondoka.

Hakutapika. Jioni Rehema alinikumbatia nikiwa na mikono ya grisi.

Alhamisi, 3 Julai

Trafiki katusimamisha. Akazunguka gari, akacheka lile bawa, kisha akauliza kioo cha ndani kiko wapi. Ningesemaje na mama yuko pale nyuma? Rehema akainama kutoka nyuma, akamwambia kwa Kibena. Yule ni mama yake mzazi, na huyu ni mkwe wake.

Yule afande, mtu mzima, akarudi hatua moja. Akamwamkia mama kwa heshima zote bila kuingiza kichwa dirishani. Akaniambia niende na nitazame vya pembeni vizuri.

Nilijisikia vizuri hadi usiku. Nilijiona mkwe wa maana.

Alhamisi, 10 Julai

Shule zimefunguliwa. Rehema ni mwalimu, ana darasa, hawezi kutoka mara mbili kwa wiki. Nilidhani mama atakataa. Amekubali kupanda na mimi peke yetu. Rehema anasema amekubali kwa sababu ya kile kioo nilichokitoa. Mama alimwambia, "Huyu kijana ananijua."

Hospitali muuguzi anampokea mlangoni, mimi nasubiri nje. Kurudi, amegonga mara mbili. Amefika salama.

Jumatatu, 14 Julai

Nitaandika tu.

Alitoka kwenye mashine saa nane. Muuguzi alisema presha iko chini kidogo, apumzike. Alipumzika. Akasema, kupitia muuguzi, anataka kwenda kwake kabla ya baridi ya jioni. Tukaondoka.

Hakugonga. Kilima cha kwanza, hakugonga. Kwenye mashamba ya parachichi nilipunguza mwendo kabisa, nikingoja. Hakuna. Nikasema moyoni, leo amelala, amepona kidogo. Nilifurahi. Nilikuwa nafikiria injini, jinsi inavyovuta vizuri na egzosi ya zamani.

Sikugeuka. Ilikuwa kugeuza shingo tu.

Nikafika kwake. Nikashuka, nikafungua mlango wa kushoto, nikampa mgongo kama siku zote. Nikangoja. Ukungu ulikuwa unaingia kichochoroni. Jirani mmoja akapita, akanisalimu, nikaitikia. Nikaendelea kusimama. Nilidhani anafunga viatu, miguu yake imevimba, anachukua muda. Sikutaka kumharakisha. Nikasema, "Mama, tumefika." Nikangoja tena. Mgongo wangu kwake. Yeye anakufa, mimi nimesimama kwa adabu.

Ndipo nikageuka.

Alikuwa ameangukia dirishani, mdomo wazi, midomo ya rangi ya majivu. Nikaingia ndani ya gari. Nikamshika. Nilimpakata kama mtoto, nikamlaza alipokuwa na siti ya abiria, kwenye bati tupu, koti langu chini ya kichwa. Nikaendesha hadi kituo cha afya mkono mmoja uko kifuani mwake kuona kama panapanda. Pale mlangoni nikambeba mimi. Kila mtu aliona.

Presha ilianguka. Wamemwekea dripu. Daktari anasema ningechelewa kidogo tu, tungempoteza.

Jumanne, 15 Julai

Yu hai. Hasemi.

Rehema amelala kwenye benchi la kituo. Nilimweleza yote, na pale nilipokuwa nimesimama nje ya mlango. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunilaumu, na hilo limenishinda kuvumilia. Nimekwenda kujificha nyuma ya jengo nikalia.

Jumatano, 16 Julai

Shangazi wa Rehema amekuja. Si mkali. Amesema nilichofanya kilibidi, lakini nimemshika mkwe, basi nipeleke kuku, mambo yatengenezwe. Nitapeleka. Ningepeleka ng'ombe.

Leo sikuchomelea geti lolote. Nimetazama ile droo ya misumari, nikaifunga.

Jumapili, 20 Julai

Mama karudi kwake, nimepeleka kuku. Jogoo mweupe, nimemchagua mwenyewe sokoni, fundi mageti nachagua jogoo kama nachagua betri. Shangazi akampokea mlangoni, akaingia naye. Kukasemwa maneno ndani. Nilikaa uani kwenye kigoda, tayari kuondoka.

Kisha shangazi akaniita niingie. Sijawahi kuingia chumba kile. Mama alikuwa amekaa kitandani, amegeukia ukutani, blanketi mabegani. Nami nikageukia mlango. Mgongo kwa mgongo, kama watoto wanaopimana urefu.

Pumzi yake niliisikia. Kisha akasema kwa sauti yake nyembamba, kwa wingi kama anavyosemeshwa mkwe:

"Baba Lusungu, kile kioo mkirudishe."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Mimi siwezi kugonga nikiwa nimezimia."

Shangazi akacheka kidogo, akaziba mdomo. Mimi sikuweza kucheka. Nilitoka nikasimama karibu na gari hadi macho yakauka.

Jumatano, 23 Julai

Nimetoa kioo kwenye droo. Gundi ya zamani nimeikwangua kwa wembe, nimekifunga kwa skrubu. Nilikielekeza chini na kidogo pembeni, kionyeshe bega tu, si uso. Lusungu alikaa nyuma badala ya bibi yake, akaniambia kushoto, kulia, hapo hapo. Bega linaonekana. Inatosha.

Alhamisi, 24 Julai

Ukungu tangu Makambako. Taa zimewaka mchana. Alipanda mwenyewe, polepole, mimi natazama ukuta wa jirani kama zamani.

Kwenye tuta la kwanza kioo kikacheza. Skrubu sikuikaza vizuri, mimi fundi. Kikainuka, na uso wake ukajaa pale. Amelala. Mwanamke mzee aliyechoka, paji la uso ni la Rehema, lile lile. Juu ya jicho ana kovu dogo ambalo sikulijua miaka yote hii.

Nikainua mkono nikirudishe. Kisha nikaushusha, nikashika gia.

Barabara ilikuwa tupu. Blanketi lilikuwa linapanda na kushuka. Nikatazama mbele, nikatazama kioo, nikatazama mbele. Blanketi likapanda. Hivyo hadi Njombe.