Mashine Niliyoipangusa Vumbi

Nyumba ya pili nyuma ya hospitali,
S.L.P. 88.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Kwa heshima inayokustahili, na kwa mapenzi ambayo umbali haujayapunguza, nakusalimu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, ingawa dada yangu, mama yako, ameniarifu kwamba umekonda na kwamba chakula unakiacha sahanini. Mimi ni mzima kwa kadiri mzee wa miaka sabini na mmoja anavyoweza kuwa mzima. Magoti yanalalamika kwenye ngazi, macho yanadai miwani mipya, lakini mkono bado unashika kalamu bila kutetemeka. Leo ningependa utetemeke, nipate udhuru wa kuacha.

Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua zako tatu zilifika, na zote ninazo hapa mezani. Sikuzuiwa na ugonjwa wala kazi. Kilichonizuia utakiona mbele, nami nakuomba usome ukiwa umekaa.

Habari za nyumbani ni za kawaida. Mama yako amerudi kwenye kuuza vitambaa, na kikohozi kimempungua. Mimi bado nashinda katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali, maana tangu nistaafu hawajapata mtu mwingine ajuaye faili za zamani ziko rafu gani. Mkaza mjomba wako, Mungu amrehemu, atatimiza miaka mitatu kaburini mwezi ujao. Vitambaa alivyovidarizi bado navitumia, na kimojawapo kimo katika habari hii.

Sasa niingie katika jambo lenyewe.

Utakumbuka siku uliyonikabidhi ufunguo wa kile chumba kidogo kilicho ndani ya changu, ulikoweka mashine zako mbili kabla ya kusafiri. Ulinieleza kwa subira, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Mjomba," ulisema, "hiki kidogo kinaitwa proksi. Mchukulie kama karani wa mapokezi. Muuguzi wodini akiomba damu kwenye kompyuta, ombi linafika kwake kwanza, naye analipeleka kwa huyu mkubwa mwenye programu. Karani anamjua mkubwa kwa anwani yake tu. Huyu mkubwa asizimwe kabisa. Akilala siku mbili tatu akaamka, ruta, kile kisanduku kinachogawa anwani, inaweza kumpa anwani nyingine, na karani hatajua."

Nami nikakutania kwamba karani asiyejua bosi wake kahamia chumba gani afukuzwe kazi. Ulicheka. Ukasema umekwisha kuiomba hospitali ruta bora, ili uifungie mashine anwani moja ya kudumu, na mpaka watakapoileta ulinzi ni mimi. Ukabandika karatasi: USIZIME. Ruta hiyo haikuletwa, mpwa wangu, nami sikuikumbusha ofisi.

Ijumaa ya tarehe saba Februari tulitangaziwa kwamba Jumatatu watakuja wageni wakaguzi. Wewe unanijua. Miaka thelathini na miwili nimepangusa rafu zangu kila mwisho wa juma, kama yule mtawa, Bruda, alivyotufundisha shuleni, kwamba mwandiko mzuri kwenye meza chafu ni unafiki. Nilipoingia chumba kidogo nikaona vumbi juu ya mashine yako kubwa, nene kama unga. Karatasi yako niliisoma. Niliisoma, kisha nikajiambia kwamba kijana alimaanisha watu wazembe, hakumaanisha mtu mwangalifu kama mimi. Nikachomoa waya. Nikaipangusa kwa kitambaa kikavu, nikaifunika kwa kile kitambaa cheupe alichokidarizi mkaza mjomba wako, nikaiacha ipumzike mpaka wageni waje, maana mwisho wa juma wodi huomba damu kwa karatasi. Nilitoka nimeridhika.

Jumatatu saa moja na robo asubuhi nikairudishia waya. Taa zikawaka zote, za kijani. Nikakunja kitambaa, nikanywa chai yangu.

Mnamo saa nne simu ya ofisini kwangu ikalia. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. "Mzee, shikamoo, samahani. Naomba damu hapa, mtambo unakataa, unaniandikia namba tu, mia tano na mbili. Nimejaribu mara tatu. Ni nini hii?"

Nilikwenda kutazama. Taa zilikuwa za kijani. Nikarudi kwenye simu nikamwambia, kwa sauti ya mtu ajuaye: "Mashine ni nzima, Sista. Tatizo liko huko kwenu. Jaribu tena."

Akajaribu tena. Aliniamini kwa sababu ya mvi zangu. Alijaribu kwa dakika arobaini, huku akipiga simu ya benki ya damu iliyokuwa haipokelewi kwa kuwa wote walikuwa wamepangwa mstari kuwapokea wageni. Mwishowe akakimbia mwenyewe na karatasi mkononi. Damu ilikuwapo, chupa nne, kundi lilelile. Alipofika nayo wodini, mke wa dereva wa lori, mama aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume alfajiri ile, alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya hapo unayajua, au unayajua kwa namna yalivyosemwa. Aliitwa fundi wa haraka, akarekebisha anwani kwenye proksi, akaandika mstari mmoja: "Anwani haikulingana na mashine." Kamati ya uchunguzi ikasoma mstari huo, ikahukumu kwamba aliyeunda mtambo aliunda vibaya. Wakamwandikia mwajiri wako huko uliko, naye akakusimamisha. Nawe ukanipigia simu ukaniuliza swali moja tu, swali sahihi kuliko yote ambayo kamati iliuliza: "Mjomba, mashine iliwahi kuzimwa?"

Nikakujibu: "La, mwanangu. Hakuna aliyeigusa."

Kamati nayo iliniuliza. Niliijibu hivyohivyo, nimevua kofia, na mwenyekiti akanishukuru kwa uaminifu wangu wa miaka mingi.

Unaandika katika barua ya tatu kwamba umeipitia programu yako mstari kwa mstari tangu Machi, ukitafuta kosa lililoua mtu, na kwamba kutolipata kunakutesa kuliko kulipata. Mpwa wangu, acha kutafuta. Halimo humo.

Wiki mbili zilizopita hospitali ilimleta fundi wa mitandao, mama mmoja mcheshi ambaye wodini wamekwisha kumbandika jina la Bi Waya. Alikaa kwenye stuli chumbani kwangu akisoma kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia zenyewe. Kumbe nazo zina daftari, na mwandiko wao hausahau saa.

"Shikamoo mzee," akasema bila kugeuka. "Ufunguo wa humu anao nani?"

"Marahaba. Ninao mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi peke yangu."

Akashusha kidole kwenye kioo. "Hii kubwa ilizimika Ijumaa saa tisa na dakika kumi alasiri, ikaamka Jumatatu saa moja na robo. Kwa siku hizo tatu anwani yake ilikaa bure. Jumapili wakaunganisha printa mpya ofisi ya mishahara, ya kuchapia makaratasi ya wageni, na ruta ikaipa printa anwani hiyo. Proksi hakukosea, mzee. Alipeleka maombi palepale alipoagizwa. Printa ndiyo iliyokuwa ikibishiwa hodi, inaombwa damu, nayo inafunga mlango." Akacheka kidogo, cheko la kazi, kisha akaniona uso. "Mzee wangu, keti. Keti kwanza."

Nikaketi kwenye kiti chako cha zamani. Hakuniuliza zaidi. Alisema tu kwamba taarifa yake ataiwasilisha mwisho wa mwezi, na kwamba mtu akitangulia kusema mwenyewe, hiyo ni hiari yake.

Kwa hiyo jana nimetangulia. Nimeipelekea kamati maelezo ya kurasa mbili, yaliyotiwa sahihi yangu, nikaambatanisha karatasi yako ya USIZIME pamoja na gundi yake. Kikao cha pili ni tarehe ishirini na sita. Nakala nimeitia ndani ya bahasha hii. Mpe mwajiri wako siku hiyohiyo uipatapo, usingoje kikao. Ufunguo nimeurudisha. Watakalonifanyia watanifanyia, na sitaki unitetee.

Sikuandikii ili unisamehe haraka. Kuichomoa ile mashine lilikuwa kosa la kiburi, na kiburi changu mnakijua nyote. Lakini miezi minne ya kukuacha ujishuku kila siku, huku natia sukari kwenye chai yangu, hilo halikuwa kosa la vumbi. Nililifanya nikiwa na akili timamu kila asubuhi. Kama hutaki kuniita mjomba tena, nitaelewa, na salamu zako nitazipokea kupitia kwa mama yako.

Nisalimie mke wako na yule binti wenu mdogo ambaye picha yake ninayo ukutani. Mama yako anakusalimu sana, naye amekwisha kuambiwa yote haya kwa kinywa changu. Hajasema nami tangu jana, wala simlaumu. Mungu akurudishie usingizi wako na jina lako, hili la pili kabla ya lile la kwanza.

Ni mimi, mjomba wako akupendaye hata alipokukosea.

Nyongeza, Jumapili jioni.

Wa kukuletea barua hii ni dereva wa lori, mume wa marehemu. Usishtuke umwonapo mlangoni. Kwa miezi minne amekuwa akija chumbani kwangu kufuatilia karatasi za kifo cha mkewe, na kila mara huniambia, "Mzee, huyo kijana aliyeunda mtambo, siku nikimtia mkononi!" nami humpa kiti na kunyamaza. Leo nimekwenda kwake. Nilimkuta amempakata mwanawe, nikaomba ruhusa, nikamsomea barua yote tangu salamu. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa taa za kijani." Nikarudia. Akamkabidhi mtoto kwa bibi yake, akasimama mlangoni, amenipa mgongo. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka: "Ilete. Alhamisi napita huko. Nataka nimwone huyo kijana, nimwambie mwenyewe kwamba si yeye."

Bahasha sikuibandika gundi, kwa kuwa aibebaye anajua kilichomo.