Joto Lililompata Mwanao

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo. Najua hata huko uliko hutaitikia marahaba kabla hujauliza, "Mama Adelina, watoto wamekula?" Wamekula, Mama. Wote sita niliomzalia mwanao wako wima. Adelina wako, yule uliyembeba mgongoni mpaka watu wa Nyakahura wakadhani ni mtoto wako wa uzeeni, sasa ni mwalimu wa hesabu sekondari. Hesabu, Mama! Mimi niliyeishia darasa la saba kule Kasulo nimezaa mwalimu wa hesabu. Jambo hilo nawaambia watu hata kabla hawajaniuliza.

Lakini leo siandiki kwa ajili ya watoto wangu. Naandika kwa ajili ya mtoto wako. Kuna jambo nilimkosea, na wewe ndiye mwenye haki ya kulijua kutoka kinywani mwangu.

Unakumbuka ule mwaka wangu wa kwanza nyumbani kwako? Kisubi chenu sikijui, Kihangaza changu mnakicheka, nimebaki na Kiswahili cha darasani kama mgeni wa serikali. Siku moja tunachambua maharage, ukanyanyuka ghafla ukakimbilia migombani. Nikakufuata, maana mimi kutaka kujua nimezaliwa nako. Nikakukuta umeshusha kitenge mabegani, umeegemeza mgongo kwenye mgomba, macho umefumba. Nikadhani unakata roho. Ukasema bila kufumbua macho, "Acha kunishangaa, njoo ushike. Mgomba una maji ndani, una baridi kuliko kisima. Siku zako zikifika utanikumbuka."

Zilifika nikiwa na miaka arobaini na tisa, hedhi ilipokoma na joto likaanza, nikakukumbuka. Wewe ulikuwa bado hai. Ulikuwa ukiniona nimebadilika uso unaniambia tu, "Nenda," nami naenda. Mwanao hakujua lolote. Alidhani naenda kukagua ndizi.

Sasa sikiliza. Mwaka juzi mwanao alianza kukojoa kwa shida. Alificha, kama kawaida ya nyumba yenu, mpaka nikamkamata. Tulizungushwa hospitali hii na ile, mwisho tukafika Mwanza, na daktari akatuambia ni saratani ya tezi dume. Akaeleza vizuri, kijana wa watu. Alisema ugonjwa huu chakula chake ni homoni za kiume, kwa hiyo wanaunyima chakula. Kila baada ya miezi mitatu mwanao atachomwa sindano ya tumboni ya kuzizima hizo homoni.

Nikamuuliza, "Sasa daktari, mkishaunyima ugonjwa chakula, mwenye mwili atabaki na nini?"

Akacheka. Akasema, "Mama, hilo ni swali zuri." Unaona? Hakuna mwanamke Nyakahura nzima aliyeambiwa na daktari wa Mwanza kwamba swali lake ni zuri.

Jibu lake nililiona nyumbani. Miezi haikupita mingi mwanao akaanza kulowa jasho mchana kweupe, tena siku za mvua. Akaenda zahanati kupima malaria. Hana. Akarudi wiki iliyofuata. Hana. Mara ya tatu akagombana na nesi, eti kipimo chao kimeharibika. Tumbo likamtoka. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili. Akawa anasikiliza matangazo ya vifo redioni, watu wa Chato huko hata hawajui, anafuta machozi. Na kifua, Mama, kikaanza kujaa kama cha msichana, kikawa kinamuuma hata shati likigusa. Nilimuuliza daktari mbele yake kama patatoka maziwa. Mwanao hakusema na mimi mpaka tulipofika Biharamulo.

Mimi nilikuwa nachunguza tu. Nisikufiche, kuna raha fulani nilikuwa naiona kwa yeye kupata yaliyonipata. Nilijua chai ya moto inamwamshia lile joto, pilipili pia, na kukaa karibu na moto. Halafu siku moja nikamkosa uani, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta migombani. Amevua shati. Mgongo kwenye mgomba, macho amefumba, uso ni wako kabisa. Nani alimfundisha? Ulimfundisha wewe akiwa mdogo, au mwili wenyewe unajua njia? Hilo mpaka leo nakuuliza. Nilirudi jikoni taratibu nikacheka peke yangu hadi nikaketi chini. Ningeishia hapo ingekuwa heri.

Sikuishia hapo. Ikafika posa ya Adelina. Ndizi zimeiva shimoni, wageni wanakuja Jumamosi, lazima pombe yetu ya ndizi, rubisi, iwepo. Desturi ya nyumba yako unaijua kuliko mimi: ndizi zinakanyagwa na wanaume, na mwanamke haingizi hata kidole cha mguu kwenye ule mtumbwi wa kukanyagia. Mwanao aliingia na mdogo wake Fidelisi, sisi wanawake tunawasogezea nyasi na maji. Wanakanyaga, wanaimba, ndizi zinalia chini ya miguu. Mara nikaona joto limempanda. Akasahau watu, akavua shati.

Fidelisi akasimama. "Kaka, mbona kifua kimekuwa hivyo?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Nami, kwa huu mdomo wangu unaopenda kuwahi, nikasema, "Mwache shemeji. Kaka yako siku hizi ana joto letu la wanawake. Mwezi ujao namletea kitenge!"

Wakacheka. Walicheka sana, Mama, na mimi nikacheka kuwazidi. Nilidhani namsitiri, kwamba wakicheka hawatauliza zaidi. Mwanao akaacha kukanyaga. Akatoka kwenye mtumbwi, akachota maji, akaosha miguu, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Akasema, "Kama ni hivyo, humu mimi sina kazi." Akaingia ndani.

Fidelisi alimaliza peke yake. Wageni walikuja wakanywa, wakasema ni nzuri. Uongo. Ilikuwa maji.

Siku ya sindano ilipofika nikamwandalia shati jeupe. Hakuligusa.

"Baba Adelina, basi litatuacha."

"Lituache. Siendi."

"Daktari alisema ukiacha, ugonjwa unaamka."

"Uamke. Nizikwe nikiwa mwanaume."

Nikapiga magoti nikaomba msamaha. Akasema amenisamehe, akaendelea kukaa. Nikamleta katekista, wakaongea habari za mvua. Adelina akapiga simu akalia, baba yake naye akalia, na bado hakwenda. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia. Kila akienda kukojoa nilikuwa namtazama kwa mbali kama mchawi, nahesabu muda anaotumia. Nilijua kama huyu mtu atakufa, ni mimi niliyemuua kwa utani wa kitenge.

Siku moja aliingia jikoni kuchota maji ya kunywa. Mimi namenya ndizi. Kabla hajafika mtungini joto likamkamata, akashika mlango. Safari hii sikucheka. Wala sikusema pole, maana pole zangu alishazichoka. Ila ile hamu ya kujua ikanitoka yenyewe.

"Linaanzia wapi?"

"Nini?"

"Hilo joto. Langu lilikuwa linaanzia magotini."

Akanigeukia. "Magotini? Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu. Magotini, halafu mgongoni, halafu kichwa kinawaka chote."

Akafikiri. Akaweka kiganja chini ya kifua. "Langu hapa. Kisha linapanda masikioni, kama mtu amenitukana mbele za watu." Akafuta jasho. "Kabla halijaja, napata hofu. Hofu ya bure tu, haina sababu."

"Na mimi! Nilikuwa nadhani mtoto ameanguka kisimani."

Alivuta kigoda, Mama. Jikoni! Mwanao, ambaye tangu anioe hajawahi kukaa jikoni, akakaa. "Ulikuwa nalo miaka mingapi?"

"Minne."

"Miaka minne, na hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Akaokota ganda la ndizi pale chini. Akasema, "Nani alikuwa anajua?"

"Mama yako."

Basi nikamweleza yote: mgomba, kitenge, ulivyokuwa ukiniambia "nenda." Machozi yakamtoka, na hakuisingizia sindano. Tuliongea mpaka ndizi zikawa nyeusi kwenye sufuria. Hata lile la mume na mke tuliligusa, naona haya kukuandikia wewe mama yake, ila nitasema hivi: hamu yake imeondoka na homoni zake, na alikuwa akigeukia ukutani akidhani mimi nitamdai. Sasa hageuki. Ananishika mkono kama enzi za uchumba, ananisimulia mambo ya utoto wake ambayo sikuwahi kuyasikia. Kumbe alishawahi kuanguka kutoka juu ya ng'ombe wa padri! Mbona hukuniambia?

Kesho yake akavaa lile shati jeupe mwenyewe.

Daktari alitugombeza kwa kuchelewa, akapima damu. Akasema ugonjwa haujaanza kupanda, tumshukuru Mungu, na tusirudie. Akampa vidonge vya kupunguza joto, akasema na kile kifua kina tiba, kumbe tungesema mapema kwamba kinamuuma, badala ya kuuliza habari za maziwa. Akamtaka ale dagaa na maziwa, atembee, abebe vitu, maana sindano hizi zinadhoofisha mifupa. Mwanao akauliza kama anaweza kukanyaga ndizi. Daktari, ambaye nadhani hajawahi kuona mtumbwi wetu, akataka aonyeshwe, na mwanao akasimama akakanyaga sakafu ya ofisi ya watu. "Hiyo ni dawa kabisa, mzee," daktari akasema, "ila shika mti, usiteleze."

Halafu akamuuliza kuna nini kingine kinachomsumbua. Zamani mwanao angesema hakuna. Akasema, "Jasho nalivumilia. Hata kifua nakivumilia. Nilichoshindwa ni kuchekwa na huyu, kwa sababu huyu ndiye ninayemwamini."

Mbele yangu, Mama.

Akalala kitandani, akafunua tumbo, akanyoosha mkono upande wangu. Sindano yenyewe ni nene. Alinibana vidole mpaka pete ikaniumiza, na sikuuondoa mkono.

Tulipotoka akasimama kwenye ngazi, akifunga vifungo. "Haya, uliza. Nakujua, una swali."

Nilimtazama. Mvi zake, jasho puani, kifungo kimoja amekosea tundu. Nikatafuta swali kichwani, sikulipata.

"Sina."

"Wewe? Huna?"

"Sina, Baba Adelina."

Akacheka hadi watu wa foleni wakageuka, akacheka ameshika ukuta, nami nikasimama nikisubiri amalize, sina haraka ya kwenda popote.

Pumzika, Mama. Uliyenikabidhi ninaye.

Mimi mkaza mwanao,
Mama Adelina