Uzi wa Kupimia Jicho

3 Machi

Mwanangu fundi miwani,

Habari za huko? Afya yako? Sisi wazima, ila mama yako kifua kinambana asubuhi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo nasema. Kwenye mtihani wa kulenga shabaha wa walinzi nilivaa miwani ya mama yako ya kusomea. Risasi zangu tatu zikaingia kwenye shabaha ya jirani. Yeye kapata matundu kumi na matatu kwa risasi kumi! Mwezi ujao narudia. Nikifeli, bastola wanachukua, nahamishiwa getini kuandika namba za magari. Baada ya miaka ishirini na sita ya ulinzi, mwanangu. Naogopa.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Mpe mama pole ya kifua, na ya miwani yake. Nimecheka, nisamehe.

Jicho la umri wako haliwezi kuona karibu na mbali kwa pamoja. Miwani ya mama ni ya gazeti. Wewe unatakiwa uone vizuri kile kipande cha kulengea kilicho mbele, kwenye ncha ya bastola; shabaha iache iwe na ukungu. Bastola ikiwa tupu, nyoosha mikono kama kawaida yako, msimamizi wenu wa shabaha apime kwa uzi toka jichoni hadi kwenye kipande hicho. Nitumie uzi huo. Karatasi ya vipimo vya macho yako ninayo. Lenzi ya kulia nitaitengeneza kwa umbali huo, ya kushoto iwe ya mbali, zote ngumu zisizovunjika ovyo.

Binti yako

18 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Uzi ndio huu. Wa kwanza mama yako aliutumia kushonea kifungo cha sare yangu, ikabidi nipimwe tena. Msimamizi kaniuliza kama nashona suti.

Baba yako

14 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Sote wazima, hata kifua cha mama yako kimetulia. Miwani ilifika siku moja kabla ya mtihani.

Msimamizi akauliza, "Mzee, shabaha unaiona?"

"Ukungu mtupu," nikamjibu. Akarudi nyuma hatua mbili.

Nikatazama kipande cha mbele tu, kama ulivyoniandikia. Matundu kumi, yote yangu! Jirani kanishukuru kwa kumwachia shabaha yake. Ahsante, mwanangu. Nilikuwa naona aibu kukuambia, wala hukunifanya nijione mzee. Mungu akuzidishie.

Humu kwenye bahasha utakuta uzi mwingine. Ni wa msimamizi. Anasema nisimwambie mtu.

Baba yako