Eproni ya Mama Si ya Kupikia

Esnah, wacha hiyo kazi usome.

Binti yangu Cynthia nusura ateketee. Hapa jikoni kwangu, mbele ya macho yangu!

Si unakumbuka eproni ya mama yangu, ile nyeupe ya nailoni yenye marinda? Ameitoa kwa sanduku bila kuniuliza, akaivaa, akainama kwa mafiga kuchochea moto huku simu inamrekodi. Ati anaonyesha watu vile nyanya zetu walikuwa wanapika wakipendeza.

Walipika na nailoni? Nani alimwambia? Mama alipika na leso kuukuu ya pamba. Hiyo eproni alivaa akipelekea wageni chai sebuleni, basi. Wewe mwenyewe ulimwona.

Moto umeshika marinda nikiangalia. Nikamwagia beseni la maji niliyooshea mboga za chinsaga, nikararua kamba za mgongoni. Nailoni haiungui kama pamba, Esnah, inayeyuka inashika ngozi. Paja lina malengelenge.

Na unajua amesema nini? "Mum, umeharibu video."

Video! Nimemwambia, "Ningekuwa shambani nachuma majani chai, ningekuta nini hapa?" Sasa analia. Hata mimi nalia, lakini hasira haijaisha.

Sasa sikia. Binti yako Nyanchoka amemwandikia kwamba Jumapili anakuja warekodi pamoja, na analeta petikoti ya mamako. Ile ya nailoni, Esnah. Ifungie leo, na ukae na ufunguo wewe mwenyewe.