Nilimnyima Mtani Wangu Moto na Maji

Bibi Loisi, shikamoo. Mwenzako nazama, nimekwama kwenye sheria niliyoitunga mwenyewe, na jina langu usilifiche, mimi ni Debora, karani wa serikali hapa Dodoma, waliomo kwenye jambo hili wote wananijua na aibu imeshanipata.

Bibi, tangu intaneti kafe zianze kufunguliwa hapa mjini, sisi vijana wa maofisini na wanafunzi tuna kikundi cha barua pepe tunachokiita Roma Ndogo, alikianzisha Gaudence wa masijala, Mnyamwezi aliyesoma seminari mpaka Kilatini kikamkaa kichwani, akasema vyama vingi vimekuja lakini watu hawajui kubishana, hebu tujifunze kwa Warumi wa kale, basi tukawa na seneti yetu, tukawa na konsuli wawili ili mmoja asijifanye mfalme, mimi na Anyitike, mwanasheria kijana kutoka Tukuyu, na ilikuwa raha kweli mpaka mwanafunzi mmoja alipomcheka dada aliyefiwa na mumewe, dada wa watu akajitoa analia, ndipo nikaombwa niandike sheria.

Nikaandika. Warumi walikuwa na adhabu ya kumnyima mtu moto na maji, yaani asipewe chochote na yeyote mpaka ahame mwenyewe, nami nikaipenda, nikaweka kwamba atakayemdhihaki mfiwa asijibiwe na mwanachama yeyote, kwenye kompyuta wala njiani, maana kwenye mtandao peke yake ukimfukuza mtu anafungua anuani nyingine anarudi anakucheka, na atakayemjibu naye atengwe, na msamaha mpaka konsuli wote wawili wakubali, na mwenye kesi asipige kura hata akiwa konsuli, kusije kuwa na upendeleo. Gaudence alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Utani haukumjia mtu akilini, Bibi, nani anaandika utani kwenye sheria?

Kisha baba yangu akafariki, Mzee Sebastiani, kule kwetu Haneti. Gaudence alipopata habari akaandika kwenye kikundi: “Huyo Mgogo amekufa kweli au anakwepa kulima? Msimzike mpaka nije nimtingishe, Wagogo hawaaminiki.” Akaja kweli, akaingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, watu msibani wakavunjika mbavu, na mama yangu, ambaye tangu baba akate roho alikuwa hali wala hasemi, akacheka, akasema mpeni jogoo mtani wangu, kisha akaomba uji. Sitasahau.

Niliporudi mjini nikakuta Anyitike ameshafungua kesi, seneti imeshapiga kura, Gaudence amenyimwa moto na maji kwa kunidhihaki mimi. Nikamwambia Anyitike, jamani, huyu ni mtani wangu. Akanijibu kwa upole kabisa, “Dada Debora, utani haumo kwenye sheria. Tukimwachia yeye, kesho kila mtukanaji atasema alikuwa anatania. Na wewe ndiye mwenye kesi, huna kura, uliandika mwenyewe.” Nikahesabu kura. Mimi sina kura, yeye peke yake hatoshi, kwa hiyo msamaha hauwezi kutoka kokote, nilifunga mlango nikiwa ndani.

Sasa sikia nililofanya, Bibi. Nilikuwa natoka soko la Majengo na Anyitike na wenzetu wa kikundi, tukakutana na Gaudence uso kwa uso, akaniita, “We Mgogo, zabibu zote hizo umeiba shamba la nani?” Nikatazama chini. Akadhani sijasikia, akasema, “Debora, shikamoo basi, mama mkubwa,” anacheka. Nikapita. Wallahi nilipita, Bibi, salamu ya mtu aliyelala kwenye kaburi la baba yangu nimeiacha barabarani. Nilisikia kicheko chake kinakatika.

Tangu siku ile hanitanii wala haniangalii, na nimesikia ameomba uhamisho arudi Tabora. Mama ameniletea ujumbe kwamba tunamaliza msiba, nije na mtani wake, bila yeye hamalizi. Nimemwambia ana kazi nyingi. Silali vizuri, chakula hakipandi. Nimeandika rasimu ya marekebisho ya kuruhusu utani, Anyitike anasema hata ikipita haiwezi kurudi nyuma kufuta kesi iliyokwisha. Naomba unishauri niiandikeje ili ipite na imrudishe Gaudence, maana naona giza tupu.

Debora, Dodoma

JIBU

Marahaba, Debora, na pole sana kwa kufiwa na mzazi.

Pole nimeshakupa, sasa nikuseme. Wewe binti una akili au una makaratasi? Mtu anakusalimia mara mbili sokoni, unatazama chini kwa sababu ya Warumi! Hao Warumi walikuja Haneti kukuzikia?

Rasimu yako sitaisoma, usiniletee. Huyo Anyitike unayemlalamikia hana kosa, anafanya kazi uliyompa, tena kwa maneno yako. Wala seneti haina kosa. Sheria yako ilisema asijibiwe, lakini midomo iliyofungwa pale njiani ni ya kwako. Ungeitikia wangekufanya nini? Wangekutenga. Ungekosa barua pepe, basi. Uliogopa hilo kuliko kumpoteza mtani, na mpaka sasa bado unaogopa, ndiyo maana unaniuliza habari za vifungu.

Nilichokasirikia zaidi ni ulivyomfanyia mama yako. Mjane anamwita mtu aliyemfanya ale uji, wewe unamdanganya kwamba mtu huyo ana kazi. Mwambie kweli leo hii. Atakusema, acha akuseme.

Kisha tafuta jogoo, mkubwa, uende kwa Gaudence mchana watu wakikuona. Usitume mtu wala usiandike. Usianze kumweleza kura na konsuli, anavijua, yeye ndiye aliyevianzisha. Sema nimekosa, mtani, nitoze. Mtani akikosewa ana haki ya kukutoza na kukutukana mpaka achoke, nawe usijibu neno. Ukitoka hapo waambie wenzako wa Roma Ndogo kwamba umekwenda, na kama sheria inasema utengwe, wakutenge. Usiombe msamaha wao, na ukonsuli mwachie Anyitike.

Sikudanganyi kwamba yataisha vizuri. Mnyamwezi akikutukana bado ni wako, akinyamaza ujue ameumia, na huyu ameshanyamaza. Huenda amefunga mizigo. Huenda msiba wa baba yako ukamalizwa bila mtani, na mama yako akakaa na hilo mpaka anaingia kaburini.

Hata hivyo nenda. Piga hodi. Ukisikia yumo ndani na haitikii, piga tena, kisha simama hapo hapo na jogoo wako, majirani wakutazame. Ndivyo alivyosimama yeye pale Majengo.