Wodi Iliyojaa Viti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, goti lako limepunguza ukali, na mvua imewakumbuka watu wa Taita. Sisi huku Kakamega tunayo ya kuwagawia. Kila alasiri inanyesha hadi njia za miguu zinageuka vijito, na mahindi yamesimama vizuri. Wajukuu zako wazima. Mume wangu Lihanda bado anafundisha, na Jumamosi anachuma majani chai na mama yake kama kawaida.

Kaka Mwakio alinipigia simu. Akasema, "Baba amekuona kwenye simu ya jirani, unazomewa bungeni. Anasema imetosha, rudi nyumbani." Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na ukinikatiza mimi hunyamaza, maana wewe ni baba yangu. Kwenye karatasi itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Sirudi, Baba. Sasa nikueleze.

Nilipochaguliwa kuwa mwakilishi wa wadi hii kwenye bunge la kaunti, jambo la kwanza nililofanya ni kutembelea zahanati yetu, iliyo upande wa msituni ukitoka soko la Shinyalu. Nyuma yake kuna wodi ya kujifungulia iliyojengwa kabla sijafikiria siasa. Kuta zake nzuri, paa halivuji. Nikaomba nifunguliwe mlango. Nesi akacheka kidogo, akaniambia, "Mheshimiwa, huko hakuingilikinga." Tulipoufungua nikaelewa. Wodi ilikuwa imejaa viti vya plastiki, vile ambavyo kijiji huazima kwa matanga. Vitanda vya kujifungulia vilikuwa huko nyuma, bado vimefungwa nailoni ya dukani. Hakikuwepo kitanda hata kimoja kilichowahi kulaliwa. Wodi ilijengwa, ikapigwa picha, ikasahauliwa. Haikuunganishwa maji. Haikupewa mkunga.

Nilipiga kelele kidogo, nikaandika barua, nikangoja. Ndivyo tunavyofundishwa tukiingia bungeni, kungoja.

Halafu Muhonja akafa.

Alikuwa mke wa jirani yetu, msichana mchangamfu aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kanisani. Uchungu ulimshika jioni mvua ikinyesha. Mama mkwe wake, Mama Khasandi, alimpandisha bodaboda wampeleke hospitali kubwa mjini. Njia ilikuwa matope matupu. Alijifungulia kando ya barabara, kwenye mashamba ya chai, Mama Khasandi akimkinga mvua kwa leso yake. Mtoto alilia. Mama yake damu haikukoma. Walipofika mjini alikuwa amekwisha kwenda.

Siku ya mazishi nilifika mapema kusaidia kina mama jikoni. Nikaona vijana wanakuja na mkokoteni wa viti. Walikuwa wamevitoa kwenye ile wodi. Baba, watu walimzika Muhonja wakiwa wamekalia viti vilivyokuwa vimechukua nafasi yake. Na mimi pia nilipewa kimoja, tena cha mbele, kwa sababu mimi ni mheshimiwa. Sikuweza kukikalia. Nilisimama mpaka mchungaji akamaliza, watu wakadhani ni heshima.

Baada ya hapo ndipo mwenyekiti wa kamati ya afya aliponiita. Si mtu mbaya, usije ukadhani. Alikuja mazishini, akalia kama sisi. Tulikaa kwenye kibanda nje ya bunge, akaagiza ugali na kuku, akaniambia kwa furaha kwamba wadi yangu imepata mradi: wodi mpya ya kujifungulia, ya ghorofa, itakayojengwa palepale kando ya ile ya zamani.

"Na hiyo ya zamani?" nikamuuliza.

"Hiyo iache. Hii itakuwa na jiwe la msingi lenye jina lako."

"Mwenyekiti, iliyopo inakosa maji na wakunga. Tupeni hivyo."

Akaweka tonge chini. "Mheshimiwa, fungu la ujenzi ni la ujenzi. Haliajiri mtu. Na nikuambie kama dada yangu: hakuna mwanasiasa anayekumbukwa kwa kuvuta mfereji. Watu hukumbuka jengo."

Nilimwambia kwamba fungu hilo tunaligawa sisi wenyewe, kwa kura zetu, wala halikushuka na Musa mlimani. Akasema bado mimi ni mgeni, nitajifunza. Sijui alimaanisha ugeni wa bungeni au ule mwingine.

Hoja ilipofika bungeni nilisimama kuipinga. Hiyo ndiyo uliyoiona kwenye simu, ila walioisambaza walikata mwanzo. Nilisema hivi: Sisi humu tukisikia ubadhirifu tunatafuta mwizi. Mwizi akikosekana tunasema mambo yako sawa. Lakini jengo lililofungwa ni ubadhirifu hata kama hakuna aliyeiba msumari mmoja. Gari la wagonjwa linalolala juu ya mawe kwa kukosa gurudumu ni ubadhirifu. Tunajua sana kuanzisha, hatujui kutunza. Na asiyejua kutunza wodi moja, tukimpa ya pili atakuwa na mahali pakubwa zaidi pa kuweka viti.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mmoja akapaza sauti, "Anakataa maendeleo ya watu wetu! Rudi kwenu Taita!" Wengine wakapiga meza. Spika akaomba utulivu, hakuupata. Nikasema, na hili pia walilikata, "Mheshimiwa Spika, Muhonja alikuwa mtu wa hapa hapa, alizaliwa hapa, akaolewa hapa. Kuwa mtu wa hapa kulimsaidia nini?" Kipaza sauti changu kikazimwa. Nikaendelea bila hicho. Baba, wewe ulitulea kwenye mlima ambako mtu humwita jirani wa bonde la pili kwa mdomo tu. Walinisikia.

Tulipiga kura, nikashindwa vibaya. Wiki iliyofuata nikatolewa kwenye kamati. Mradi wenyewe ukahamishiwa wadi nyingine, ambako mwakilishi wake alishukuru bila maswali.

Kilichoniuma zaidi kilitokea nyumbani. Baba mdogo wa Lihanda alikuja na wazee wa ukoo. Mama mkwe akawachinjia ingokho, kuku wa heshima kwa wageni, wakala, wakanawa, ndipo wakanigeukia. "Umetunyima jengo," akasema. "Vijana wetu wangepata kibarua. Tulikupigia kura wewe mke wa kutoka mbali, na hivi ndivyo unatulipa?" Lihanda alitaka kujibu, nikamgusa goti anyamaze. Nikawaambia Jumapili baada ya ibada nitasimama uwanjani mbele ya wote, anayetaka kunizomea aje.

Walikuja wengi, Baba. Sikuwa na hotuba. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe. Kijana mmoja akanikatiza, "Kwani ungechukua tu hilo jengo ungekufa?" Watu wakacheka. Hapo nikamwona Mama Khasandi anainuka, mtoto wa Muhonja kamfunga mgongoni.

"Mimi niulize," akasema. "Ile nyumba iko pale tangu lini? Kila siku tunapitanga hapo tukienda kuchota maji. Mmeniambia jengo, jengo, jiwe, jiwe. Kwani mtu anazaanga juu ya jiwe? Mimi nataka ule mlango ufunguke."

Kisha hakungoja makofi. Akashika njia ya kwenda zahanati. Wanawake wakamfuata, nami nikafuata, na nyuma yetu nikasikia wanaume nao wanakuja, wakinung'unika. Viti vyote vilitolewa jioni ile, vikapelekwa kanisani. Baba mdogo mwenyewe alivibeba kichwani, hakunitazama usoni, lakini alibeba. Wanawake wakapiga deki. Lihanda na walimu wenzake wakaweka mifereji ya paa na tangi lililokuwa limelala shuleni bila kazi.

Mkunga hakuletwa na sisi kupiga deki, hilo nakiri. Ofisi ya afya ilisema hakuna. Basi Mama Khasandi na wenzake wakateremka mjini na chupa zao za chai, wakaketi kwenye korido ya ofisi hiyo. Hawakupiga kelele. Kila afisa aliyepita alisalimiwa kwa adabu na kuonyeshwa mtoto. Nilikwenda kukaa nao, wakanifukuza: "Mheshimiwa, wewe piga kelele kule kwako, huku tuachie." Walirudi siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mkubwa wa ofisi akakumbuka kwamba kuna mkunga aliyepangwa mahali palipokuwa na wengine tayari. Akahamishiwa kwetu.

Sitakudanganya kwamba tumemaliza. Mkunga ni mmoja, na jua likizama anafunga mlango kwa sababu naye ni binadamu. Watoto hawachagui saa. Watoto waliozaliwa mchana wamezaliwa pale, kwenye vile vitanda, na mama zao wamerudi nyumbani kwa miguu yao. Anayeshikwa usiku bado anapanda bodaboda.

Kwa hiyo narudisha hoja. Ninataka tusijenge kipya chochote cha afya mpaka vilivyofungwa vifunguliwe na vipate watu wa kuvihudumia. Mwenyekiti amenionya kwamba nikiileta hoja hiyo nitapoteza hata kiti cha wadi. Nimemjibu kwamba sitaki kusifiwa kwa kile nilichojenga watu wakiwa wanafia nje yake. Pengine nitashindwa tena. Nikishindwa nitaileta tena, na wakichoka kunisikia watanijua vizuri zaidi. Safari hii kina mama wamesema watajaza roshani ya wageni bungeni, na Mama Khasandi ameniuliza kama huko juu mtoto anaruhusiwa kulia. Nimemwambia alie kwa nguvu zake zote.

Usimwonee haya jirani mwenye simu. Akikuonyesha tena nikizomewa, mwambie aongeze sauti.

Nisalimie kaka Mwakio na mkewe, shangazi Wakesho aliyenifundisha kusuka vikapu na kutokata tamaa na uzi uliokatika, pamoja na mwalimu wangu wa darasa la kwanza kama bado anapita hapo nyumbani. Wajukuu wanakubusu mikono. Lihanda anasema shikamoo mkwe, na mama yake anakutumia majani chai ya shamba letu, yamo humu kwenye kifurushi.

Ni mimi binti yako,
Mghoi,
mke wa watu wa hapa na mwakilishi wao, wapende wasipende.