Kitelezi cha Nane cha Fundi Kimya

Kitambaa cha kuzuia vumbi kilikuwa bado juu ya meza yako ya vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, na mkono wa mkeo juu ya kitambaa, pale vitu vilipoanza kuinuka chini yake. Viliinuka vyote kwa pamoja, kila kimoja kwa kiasi chake, kwa mlio mwembamba kama wa kurasa zinazofunuliwa haraka. Ungedhani ni vidole vya mtu aliyelala vinasogea chini ya shuka.

Mkeo hakupiga kelele. Aliondoa mkono polepole, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa yale makoti ya zamani uliyoyatundika ukutani kuzuia mwangwi.

"Mwanangu, umegusa nini?"

"Nimefungua wimbo wa shangazi, mama," binti yako alijibu kutoka kwenye kompyuta. "Vinakwenda pale baba alipoviacha. Ndivyo vilivyotengenezwa."

"Ungeniambia kwanza."

Mwaka umetimia leo, Fundi Kimya. Mwaka tangu asubuhi ile ulipoinuka kwenye kiti hiki, ukasema unakwenda uani kunyoosha mgongo, na moyo wako ukasimama kabla hujaufikia mlango. Spika za masikioni zilikuwa bado shingoni mwako, waya ukikufuata nyuma. Tulikifunga chumba chako cha kurekodia wiki ileile. Leo tumekifungua kwa sababu dada yako amekuja kudai wimbo wake.

Jina la Kimya ulipewa na wateja, na halikuwa na maana kwamba wewe ni mtu mkimya. Tuliokaa nawe tunajua ulivyokuwa ukivuma kama nyuki kutwa nzima, ukikata kucha, ukifunga viatu, ukitafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwako. Ila kabla ya kurekodi uliinua kidole, ukasema neno hilo moja tu, na kila mtu nyumbani akabaki na kijiko hewani. Asiyekutii alikuwa mchomelea vyuma wa jirani peke yake, na hata yeye ulimsamehe, ukasema anaingia vizuri kwenye mapigo.

Macho yalipoanza kukukataa, miaka sita iliyopita, kioo cha kompyuta kikawa kwako ukungu mtupu. Mshale ulikuwa ukikupotea, nawe ukawa unagonga kioo kwa pua ukiutafuta. Tulidhani utafunga kazi. Wewe ukaitafuta meza hii, imetumika na imechubuka pembeni, ikiwa na vitelezi vinane vya sauti na cha tisa cha wimbo mzima, kila kimoja na mota yake ndogo ya kukirudisha pale ulipokiacha. Ukaiunganisha na kompyuta ili kile ulichokuwa ukikifanya kwa macho ukifanye kwa vidole. Mkeo alikusomea kitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa, maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa hata moja, na ulipomwambia, "Rudia hapo," alirudia kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Kwenye kitufe cha kurekodi ulibandika punje ya mchele. Kwenye kile kilicho kando yake, ambacho hukutaka kukibonyeza kwa bahati mbaya, ulibandika kifungo cha shati lako la bluu. Shati lenyewe tunalo bado, lina pengo kifuani.

Hatukuwahi kukusikia ukimwambia mtu kwamba ameimba vibaya. Akija mwenye sauti ya kukwaruza bati, ulimsikiliza mpaka mwisho, ukainamisha kichwa, ukasema, "Turudie kesho, mashine haikusikia vizuri." Akaondoka akiihurumia mashine. Wengine walirudi mara tano, na mara ya tano mashine ilisikia.

Wimbo wa dada yako ulikuwa jambo jingine. Ni wimbo aliouimba mama yenu akifua, na duniani mlikuwa mmebaki kuujua ninyi wawili tu. Dada yako ameuimba miaka thelathini juu ya cherehani lake. Ulimwahidi: "Utaupata msafi, dada. Sauti yako peke yake na gitaa, bila hata pumzi ya mtu mwingine." Akaja, akaimba, nawe siku ya pili ukaondoka. Tangu msiba koo lake halijakaa sawa. Daktari amemwambia kwa upole kwamba sauti ile haitarudi. Kwa hiyo kilichomo kwenye kompyuta hii ndicho kilichopo, hakuna kingine.

Aliketi kwenye kiti chako, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi kama kawaida yake, akasema kwa ile sauti yake mpya ya makapi, "Haya, wifi. Tumsikie huyo msichana niliyekuwa mwaka jana."

Binti yako akaondoa kitambaa, akaucheza.

Vitelezi vilianza kufanya kazi vyenyewe. Cha gitaa kilishuka kidogo kabla dada yako hajaanza kuimba, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni. Cha sauti yake kilipanda pale anapoishiwa pumzi, kikashuka pale anapojisahau. Hapakuwa na kitu kilichojiamulia humo, tunajua. Ilikuwa mikono yako ya mwaka jana, mashine imeihifadhi. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukaa hatua moja kutoka kwenye vitu vinavyosogea vile ulivyokuwa ukivisogeza wewe, na kiti kina mtu mwingine, ni kitu kingine. Mkeo alisimama mikono kwapani.

Kitelezi cha nane hakikusogea kabisa. Kilikaa juu, karibu na kilele. Na katika ubeti wa mwisho tukakusikia.

Ulikuwa ukivuma wimbo wa mama yenu chini ya sauti ya dada yako, nje ya mapigo, kwa raha zako.

Binti yako akausimamisha wimbo. "Ni maiki ya mezani," alisema. "Ile aliyokuwa akizungumzia na mwimbaji aliye chumba cha pili. Aliirekodi pia, kwa sababu kuandika maelezo marefu kulimshinda. Alikuwa akijisikiliza baadaye ili akumbuke alichosema."

"Alikuwa haimbi hata kwa kubembelezwa," dada yako alisema. "Leo ndiyo amechagua?"

Mkeo akainama. Chini ya kila kitelezi kuna kipande cha plasta chenye maandishi yako makubwa, yanayopanda na kushuka kama ngazi mbovu. Dada. Gitaa. Gitaa 2. Alifika kwenye cha nane akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma kwa sauti ileile aliyokuwa akikusomea kitabu cha maelekezo.

"Mimi. Shusha mwisho."

"Si amesema mwenyewe?" dada yako alisema, bila ukali. "Nilimwomba wimbo wa mama, wifi. Sikumwomba nyuki."

"Nimesikia."

"Mimi sitaimba tena."

"Najua, wifi. Nimesikia."

Ubeti wa mwisho ukachezwa upya. Mkeo akaweka kidole kimoja juu ya kitelezi cha nane, nacho kikalegea kama kilichokuwa kikimsubiri. Akakishusha. Ukapungua, ukawa mtu aliye chumba cha pili, kisha mtu aliye nje, kisha hukuwepo. Ikabaki sauti ya dada yako peke yake, nzima, kama ulivyomwahidi. Mkeo akashusha pumzi, akaondoa kidole.

Kitelezi kikapanda. Polepole, chenyewe, hadi palepale kilipokuwa, nawe ukarudi ukivuma.

"Wewe bwana," dada yako alisema akiitazama meza, "hata leo unabishana na mimi?" Alijaribu kucheka, ikatoka kikohozi.

"Si yeye, shangazi," binti yako alisema haraka, ingawa naye alikuwa amesogea karibu na mama yake. "Ni hali aliyoiacha baba. Ukikigusa kinakutii. Ukikiachia kinarudi alipokiweka. Ili kibaki chini ni lazima nibonyeze hapa kwanza." Akaonyesha kifungo cha shati la bluu. "Nikibonyeza, mama akakishusha, wimbo ukapita mpaka mwisho, basi. Hakitapanda tena."

"Atafutika?" mkeo aliuliza.

"Hapana. Sauti yake itabaki ndani ya kompyuta. Ila kwenye wimbo hatasikika."

Mkeo alikitazama kifungo. Alikishona yeye, mara mbili, kabla hujakikata. "Usibonyeze," alisema. "Rudisha mwanzo. Wifi, kaa vizuri, usikilize wimbo wako."

Akakishusha kitelezi cha nane mpaka chini, akakishikilia. Dakika nne nzima alisimama ameinama, kidole kimoja juu yako, huku vile vingine saba vikipanda na kushuka pembeni yake vikifanya kazi yako. Katika ubeti wa tatu alibadili mguu wa kusimamia, kidole hakukiondoa. Dada yako alifumba macho. Tuliuona mdomo wake ukiyafuata maneno ya mama yenu bila kutoa sauti, na kwa mara moja akausikia kama ulivyokusudia ausikie.

"Ndio huu," alisema gitaa lilipokoma. "Mungu amrehemu, ndio huu."

Mkeo akainua kidole. Kitelezi kikapanda, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuusimamisha wimbo, tukakusikia ukivuta kiti karibu na maiki.

"Vizuri sana, dada," ulisema. "Pumzika. Turudie kesho, mashine haikusikia vizuri."

Kisha ukabonyeza kitu, ikawa kimya.

Dada yako alifumbua macho. "Mwongo," alisema polepole. "Aliponiambia hivyo siku ile nilijua nimeharibu mimi, mwaka mzima. Nimekosa usingizi kwa sababu hiyo. Kumbe mashine ilisikia vizuri, ilimsikia yeye akivuma." Akachomoa sindano moja kwenye ukosi, akaichomeka tena palepale. "Wifi, una haraka na kazi hii?"

"Mimi? Sina."

"Basi si amesema kesho?"

Binti yako akauhifadhi wimbo ulivyokuwa na kuufunga. Vitelezi vikashuka vyote hadi chini, cha nane pamoja na vingine, na mkeo akasubiri vitulie kabisa kabla hajatandika kitambaa juu yake. Kifungo cha shati hakikuguswa. Mlango safari hii hatukuufunga kwa ufunguo.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakusomea mambo kwa sauti jikoni. Na binti yako, ambaye sasa ndiye atakayeinua kidole. Na dada yako mshonaji, ambaye atarudi kesho asubuhi. Na majirani wote, pamoja na mchomelea vyuma, aliyezima mashine yake leo kutwa bila kuombwa.

Hatutakusahau, Fundi Kimya, siku zote tutakazojaliwa.